Niliyoyaandika juu ya Babu

Barua pepe iliingia jioni, nikiwa jikoni nakoroga uji. Mtaalamu wa tiba kazi, anayewasaidia watu kumudu shughuli za kila siku, alikuwa amemaliza rasimu ya ripoti ya mwanangu, akaniomba niisome na kumjulisha kama kuna lolote lisilo sahihi kabla hajatia saini.

Nikaifungua palepale kwenye simu, mwiko mkononi.

Ilisema Babu hatambui hatari. Mlango ukiachwa wazi hutoka mbio bila kuangalia barabara. Akiumia hasemi, wala haonyeshi panapouma. Yuko kwenye nepi mchana na usiku. Huamka katikati ya usiku, na tangu hapo lazima mtu mzima awe macho pamoja naye mpaka usingizi umrudie au kukuche.

Babu mwenyewe (ana usonji, na tunamwita hivyo kwa kuwa amebeba jina la babu yake) alikuwa sakafuni karibu na miguu yangu, anapanga vifuniko vya chupa kwa rangi, anaimba ule wimbo wake usio na maneno.

Simu ikaita. Mama, kutoka Tanga. Huku Australia giza linaingia, kule bado saa tano asubuhi. Nikamwambia ripoti ya mjukuu wake imefika.

"Haya, nisomee. Wamesemaje?"

Nikamwambia ni ndefu, nitampigia baadaye.

Hapakuwa na sentensi hata moja ya uongo mle ndani. Mambo yote nilikuwa nimeyasema mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, sebuleni kwangu, huku yule dada akiandika. Na bado sikuweza kumjibu kwamba ni sahihi. Wiki zikapita na ile rasimu imekaa kwenye simu.

## Kabla hajatimiza tisa

NDIS, mpango wa serikali ya Australia wa kulipia huduma za watu wenye ulemavu, sitaieleza kwa kirefu. Mnaosoma hapa wengi mna mtoto au ndugu aliyemo, au mnafanya kazi humo. Sisi Waswahili wa Logan, kusini mwa Brisbane, tumejaa kwenye kazi hizi za uhudumu, na mimi ni mmoja wao. Nahudumia watu wazima wenye ulemavu, na mshahara wangu unatoka kwenye mipango yao, yaani bajeti ya huduma anayoidhinishiwa kila mmoja.

Mwaka huu Babu anatimiza miaka tisa. Zamani kikomo cha watoto wadogo kilikuwa saba. Tangu Julai 2023 ni tisa. Chini ya hapo mtoto yuko na washirika wa utotoni, wanaowasaidia watoto wadogo kwa niaba ya NDIS. Akifika hapo anahamia kwa waratibu wa eneo, wanaowasaidia waliobaki, na kwetu uhamisho huo umeambatana na mkutano wa kupanga mpango mpya.

Maana yake ni kwamba yule mama aliyemjua Babu tangu akiwa anabebwa, aliyewahi kukaa naye chini na kupanga vifuniko, hatakuwepo mezani. Atakuwepo mtu ambaye hajawahi kumwona. Na huyo si lazima awe ndiye mwenye kuidhinisha mpango. Mwenye kuidhinisha anaweza kuwa mtu wa NDIA, mamlaka inayoendesha NDIS, aliye mji mwingine kabisa, mbele yake ana karatasi tu.

Karatasi ndiyo itakayomfikia. Babu hatafika.

## "Waambie siku mbaya kuliko zote"

Nilipouliza wenzangu, ushauri wa kwanza ulikuwa mmoja kwa wote, Wakenya, Wakongo, Warundi na Watanzania: usiende kule kusema mtoto anaendelea vizuri. Eleza siku mbaya kuliko zote. Acha kumshukuru Mungu mbele ya mratibu. Mshukuru ukitoka nje.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Zidisha kidogo, walisema, maana watapunguza tu.

Naelewa hofu inayozaa ushauri huo. Sheria ilibadilika Oktoba 2024, na siku hizi kuna orodha rasmi ya yanayolipiwa na yasiyolipiwa. Fedha za mpango hutolewa kwa vipindi, huzikuti zote siku ya kwanza. Kisha Agosti 2025 waziri Mark Butler akatangaza kwamba watoto wa miaka minane kushuka chini, wenye usonji au kuchelewa kukua kwa kiwango kidogo au cha wastani, watapelekwa kwenye utaratibu mwingine unaoitwa Thriving Kids. Tangu siku hiyo makundi yetu ya WhatsApp hayajatulia. Kila mzazi anatafuta mahali pa kusimama ili mwanawe asionekane wa kiwango "kidogo" wala "cha wastani".

Lakini kuzidisha sikukutaka, na sababu yangu naijua kutoka kazini. Mhudumu mpya akipangiwa mteja, husoma maelezo yake kabla ya kumwona. Yakisema hawezi kushika kijiko, mhudumu atamlisha. Anaweza kumlisha mwaka mzima mtu anayejua kula mwenyewe, kwa sababu karatasi imesema hivyo na hakuna aliyempa kijiko kujaribu. Nimeona hilo kwa macho yangu. Uongo unaoandikwa ili kupata saa za huduma hukaa kwenye faili, na yule uliyemwandika ndiye anayekuja kuishi ndani yake.

Kwa hiyo sikusumbuliwa na uongo. Nilisumbuliwa na ukweli.

## Maneno huumba

Mama hakuacha kuuliza. Siku moja nikamsomea sehemu ndogo, ile ya kukimbilia barabarani.

Akanyamaza. Kisha akasema, "Mwanangu, maneno huumba. Hayo mambo mtu anayaombea dua, hayaandiki akayatia saini."

Si mtu wa ushirikina Mama. Lakini amelea watoto kwa kanuni hiyo: mtoto hatajiwi ubaya wake mbele yake, na mzazi hamtangazi mwanawe kwa watu. Mgeni akiuliza hali, unasema hatujambo. Ndani kukiwa na moto, unatoka kwanza na birika la chai. Kanuni hiyo ilinilea vizuri, na sioni haya kuisema. Ndiyo inayonifanya hata leo nisimwite Babu kwa majina ambayo watu wengine huwaita watoto wa namna yake.

Mkutano wa mpango unadai kinyume chake. Unakaa mbele ya mtu usiyemjua, mara nyingine kwa simu tu, na unataja moja baada ya jingine: hiki hawezi, hiki hawezi, hiki hataweza bila mtu. Ukimaliza, anakuuliza kama kuna zaidi.

Nililala na swali hilo kila nilipopata kulala. Je, naweza kutaja yote hayo na bado niwe upande wa mwanangu?

## Swali la mama wa Uvira

Jirani yetu anatoka Uvira, Kongo. Mwanawe mkubwa yuko kwenye kiti cha magurudumu, na mikutano hii ameipitia miaka kadhaa kwa mkalimani. Amenifundisha mengi. Kwa mfano, mkalimani huombwa mapema, wakati wa kupanga tarehe, bila malipo; anayengoja siku yenyewe hujikuta anamtumia binti yake wa shule kutafsiri habari za nepi za kaka yake. Mnaohitaji mkalimani leo, namba ya TIS, huduma ya ukalimani ya serikali, ni 131 450.

Nilikwenda kwake na zile karatasi. Hakuzisoma. Aliniangalia tu, akauliza kwa Kiswahili chake cha kwao:

"Dada, kule ku kazi unaandikaka nini juu ya mutu?"

Nikamweleza. Kila zamu ikiisha tunaandika noti. Saa ngapi nilifika, mteja alikuwa na hali gani, alikula nini, alihitaji msaada wapi, aliweza nini mwenyewe, kulitokea nini, nikafanya nini. Hatuandiki "alikuwa mkorofi". Tunaandika "alipiga meza mara nyingi kelele za mashine ya nyasi zilipoanza, nilifunga dirisha, akatulia." Tunafundishwa kuandika kama vile mwenyewe atasoma, kwa sababu ana haki ya kusoma.

"Na wewe unaonaka ni matusi?"

Hapana. Sijawahi kuona hivyo. Kuna watu ninaowaandikia miaka sasa, na noti hizo ndizo zinazofanya mhudumu wa usiku ajue kwamba fulani hapendi kuguswa bega akiwa amelala. Ninaziandika kwa uangalifu kwa sababu nawajali.

Mama wa Uvira akaenda kuangalia sufuria yake. Hakuongeza neno.

Usiku ule, Babu alipoamka, nilichukua daftari.

## Zamu za nyumbani

Niliandika kama niko kazini. Saa nane na robo: Babu ameamka, anacheka, anaruka kitandani. Mtu mzima mmoja yupo. Saa nane na nusu: amevua nepi, kitanda kimelowa, shuka zimebadilishwa. Saa tisa: anajaribu mlango wa mbele, komeo la juu limefungwa, anarudi. Saa tisa na dakika arobaini: amekubali kukaa na kusikiliza sauti ya treni kwenye simu. Saa kumi na moja kasoro: amelala. Mtu mzima hakulala tena, zamu ya kazini inaanza saa kumi na mbili.

Asubuhi nilipoisoma niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona, ingawa ninaliishi.

Kwenye kazi yetu kuna zamu ya kukesha na zamu ya kulala. Kwenye zamu ya kulala unapewa kitanda, na kitabu cha bei cha NDIS kinahesabu kwamba ndani yake mhudumu anaweza kuamshwa kwa jumla ya hadi saa mbili. Zikizidi hapo, zinahesabiwa kando, kwa sababu huyo hakulala tena, amefanya kazi. Usiku wangu na Babu ulipita saa mbili. Usiku uliofuata vilevile. Kama ningekuwa mhudumu wake, asubuhi ningempigia msimamizi na kumwambia: huyu si wa zamu ya kulala, tafadhali badilisheni.

Na lile komeo. Kazini, kumfungia mtu mlango asitoke ni jambo zito. Lazima kuwe na mpango wa tabia ulioandikwa na mtaalamu, kuwe na idhini, na tume ya ubora na usalama ya NDIS iarifiwe. Nyumbani tulipanda kwenye kiti tukapiga misumari, tukashukuru kwamba sasa hafiki barabarani. Sijutii komeo, nyuma ya nyumba zetu kuna mkondo wa maji, na mwenye mtoto wa usonji anajua watoto hawa wanavyovutwa na maji. Lakini sikuwahi kulitaja kwa mtu yeyote kama msaada ambao Babu anauhitaji. Lilikuwa mlango tu.

Waswahili husema siri ya mtungi aijuaye kata. Tatizo la mkutano ni kwamba kata haisemi. Inachota, inarudi, inachota tena, na kwa anayeangalia kutoka nje mtungi unaonekana hauna shida.

Daftari liliendelea. Na kadiri nilivyoandika, nilianza kugundua kwamba kurasa zile hazikuwa zikimtaja Babu kwa ubaya. Zilikuwa zinataja mikono. Nani alishika nini, saa ngapi, kwa muda gani. Babu humo ndani alikuwa anacheka, anaruka, anasikiliza treni.

Niliweza kumjibu yule mtaalamu. Nilimwomba aongeze yale Babu anayoweza: anapanga, anajua njia ya kwenda stesheni, anabonyeza picha ya maji akiwa na kiu. Akaongeza. Nilimwambia mengine yote ni sahihi.

## Mtoto wa rika lake

Sehemu iliyoniuma zaidi ilikuwa mbele.

Kanuni za NDIS za mwaka 2013 kuhusu misaada zinasema ni kawaida mzazi kumpa mtoto matunzo mengi. Ni kweli, nani asiyejua. Kwa hiyo kinachopimwa ni kama, kwa sababu ya ulemavu, matunzo ya mtoto huyu yamezidi kwa kiasi kikubwa yale ya watoto wa umri wake. Ukiandika "namwogesha", hujasema kitu. Watoto wengi huogeshwa. Lazima uonyeshe kwamba mwenziwe wa miaka minane anaoga mwenyewe.

Yaani lazima ulinganishe.

Sisi tulio na watoto hawa tumejifunza kutolinganisha, tena kwa nguvu, kwa sababu kulinganisha kunaua. Babu ana binamu Tanga wamezaliwa mwezi mmoja. Miaka ya mwanzo picha za yule mtoto zikiingia kwenye simu nilikuwa nazipita haraka. Anapanda baiskeli. Anasoma juzuu. Anatumwa dukani, anarudi na chenji.

Nilimpigia wifi yangu nikamwomba anieleze siku ya mwanawe, tangu anapoamka. Nilimweleza kwa nini. Alianza kwa kusitasita, kisha akaniambia yote: anapiga mswaki akikumbushwa, anavaa sare mwenyewe, shati hulikosea vifungo, anakwenda shule na wenzake, akirudi anakula na kutoka kucheza mpaka magharibi.

Nikachora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto yeye, kulia Babu.

Nililia, sitaficha. Lakini ukurasa ule ni muhimu kuliko ripoti yoyote niliyolipia, maana unajibu swali lenyewe ambalo sheria inauliza. Ukiwa na muda wa kufanya jambo moja tu kabla ya mkutano, fanya hilo. Na mtafute mtu wa kukaa naye ukiwa unafanya.

## Dada yake

Binti yetu ana miaka kumi na minne. Kwetu msichana wa umri huo kumwangalia mdogo wake si habari. Mimi nilibeba wadogo zangu mgongoni, na nilibebwa na dada zangu.

Kwenye karatasi hiyo huitwa msaada wa familia, na ikiandikwa kwamba upo na unatosha, basi hakuna haja ya kulipia mwingine. Kanuni zilezile lakini zinataka pia kuangalia kama matunzo yanahatarisha afya na ustawi wa walezi na watu wengine wa familia. Sentensi hiyo naipenda. Wazazi wengi wa kwetu hawaitumii, kwa sababu kuitumia ni kukiri kwamba mtoto wako mwingine amechoka.

Nilimuuliza binti yangu kama anataka kuandika chochote. Nilitegemea mistari miwili. Aliandika ukurasa, kwa Kiingereza chake cha shule, na sitauweka hapa kwa kuwa ni wake. Naweza kusema tu kwamba alijua mambo ambayo mimi na baba yake tulidhani tumemficha, na kwamba alikuwa ameacha mazoezi ya netiboli bila kutuambia sababu.

Baba yake aliusoma amesimama, akaukunja vizuri, akauweka kwenye faili juu ya ripoti zote.

## Pesa zisizoshikika

Nipite haraka hapa, ila lazima nipite, kwa sababu ndugu zetu husikia "bajeti ya mtoto" wakaona noti.

Si pesa ya mkononi. Huwezi kulipia kodi ya nyumba wala chakula, wala tiketi ya kwenda Tanga. Inalipa huduma, na huduma ni ghali: kwenye bei za 2025–26 saa moja ya mtaalamu wa tiba kazi ilikuwa na kikomo cha dola 193.99, na saa anazotumia kuandika ripoti hutoka kwenye fungu lilelile la tiba. Ndiyo maana nawaambia wenzangu wasiombe ripoti ndefu ya kila kitu. Mwombeni mtaalamu aandike linaloulizwa: mtoto anahitaji nini, saa ngapi, kwa nini, na kutatokea nini akikosa.

Na msipeleke kule mambo ya wengine. Dawa za usingizi ni za hospitali. Msaidizi wa darasani ni wa shule. Ukichanganya, mkutano unakwisha mnazungumzia shule na ule usiku wenyewe haujatajwa.

Wapo wenzetu wenye viza za muda, wanafunzi hasa, ambao watoto wao wana hali kama ya Babu au zaidi, na mlango huu kwao umefungwa. Kwa kawaida lazima uwe raia au mkaazi wa kudumu. Nikikaa kulalamika juu ya karatasi nawakumbuka. Nawakumbuka pia wazazi wa kwetu. Irente kule Lushoto kuna shule ya watoto wenye ulemavu wa akili, na wale walimu wanafanya kazi ambayo inastahili kuandikwa siku nyingine. Lakini shule hiyo haiwezi kubeba mkoa mzima.

## Anachotaka mwenyewe

Fomu inauliza malengo. Watu wazima tulikuwa na yetu: alale, aongee, aache nepi. Mtaalamu wa mawasiliano akatushauri tumuulize Babu.

Tulimwekea picha kwenye kompyuta yake ndogo ya kuongelea, akabonyeza treni. Tukachanganya picha, akabonyeza treni. Siku nyingine tena, treni.

Nilisita kuiandika. Nilidhani lengo dogo litaleta mpango mdogo. Baadaye nikasoma maelekezo yao: kuweka malengo makubwa zaidi au mengi zaidi hakumaanishi kulipiwa misaada mikubwa zaidi. Hilo liliniondolea mzigo, kwa sababu halikunilazimu kumbebesha mtoto ndoto zangu ili apewe mhudumu.

Basi lengo la kwanza linasema hivi: Babu anataka kupanda treni kutoka Loganlea hadi mjini Brisbane na kurudi. Nauli ni senti 50, tangu Agosti 2024 Queensland nzima ni hivyo, na hiyo tutalipa wenyewe. Anachohitaji ni mtu wa pili. Mmoja hawezi kumshika kwenye ukingo wa stesheni na kumwongelesha kwa kompyuta yake wakati huohuo. Nyuma ya lengo hilo dogo kuna usalama barabarani, kuna mawasiliano, kuna kungoja, kuna kelele za watu. Wataalamu wamefurahi nalo kuliko yale yetu.

## Ambalo bado tulibishana

Lililobaki lilikuwa usiku.

Kuna msaada wa mtoto kulala nje ya nyumba siku kadhaa ili walezi wapumzike, kwa kawaida hadi siku 28 kwa mwaka. Nilitaka tuombe. Mume wangu hakutaka hata kusikia.

"Mtoto wetu akalale kwa watu? Hasemi. Likimtokea lolote atatuambiaje?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu hofu hiyo ni yangu pia. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba hizo. Najua wahudumu wazuri, na najua kwamba si wote ni wazuri.

Tulirudi kwenye jambo hilo kila jioni, kwa sauti ya chini watoto wasisikie. Kilichogeuza mazungumzo ni yeye mwenyewe kukumbuka utoto wake Pangani. Likizo zote alikuwa kwa shangazi yake Muheza. Mama yake alikuwa anapumzika, na hakuna aliyesema ametupa mtoto. Akasema, "Tatizo huku hatuna shangazi." Kisha akakaa muda mrefu. "Lakini shangazi nilikuwa namjua kabla sijaenda kulala kwake."

Tukaanzia hapo. Hatutaomba Babu akalale kwingine mwaka huu. Tunaomba mhudumu wa kukesha aje nyumbani kwetu usiku miwili kwa wiki, awe yuleyule, asibadilishwe ovyo, na kabla ya hapo aje mchana mara kadhaa akae sakafuni na vifuniko. Sisi tutakuwa chumba cha pili. Binti yetu atalala na mlango wake umefungwa, na Jumamosi atarudi netiboli kama atataka.

Mkutano ni wiki ijayo, kwa njia ya simu. Nimeomba uwe wa ana kwa ana, nangoja jibu. Wakikataa la usiku, nimeshaandika tarehe kwenye kalenda: tuna miezi mitatu tangu kupokea uamuzi kuomba upitiwe upya ndani ya NDIA yenyewe, na baada ya hapo kuna baraza la mapitio, lile lililochukua nafasi ya la zamani Oktoba 2024. Kurasa za daftari nimezipiga picha zote.

Jana nilimsomea Mama ripoti nzima, pamoja na noti zangu, pamoja na ukurasa wa binamu. Ilituchukua muda, alikuwa ananisimamisha kuuliza. Mwisho akataka kujua huyo mtu wa kukesha atakuwa mwanamke au mwanaume, na kama anajua kupika uji. Nikamwambia nitaliweka kwenye maombi.